Umemaliza chuo, bumu la mkopo limekata: ujitolee, ukomae na Ajira Portal (tovuti ya kuomba kazi za serikali), ushike kazi yoyote au ujiajiri?

Kila mwaka mahafali yakishapita, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi, simu yangu inajaa meseji zinazofanana. "Shikamoo dada, nimemaliza, kuna ofisi nimepata kujitolea ila hawalipi, mjomba anasema nitulie nisubiri za serikali, na rafiki yangu ananiita tukauze vifaa vya simu, sa nifanye nini?" Wa mwisho kuniandikia ni mtoto wa jirani yetu Gongo la Mboto, kamaliza ununuzi na ugavi, nikamwambia subiri nikuandikie vizuri maana kwa meseji haitatosha, na nilipoanza kuandika nikaona bora niiweke wazi wasome na wengine.

Niseme kwanza nipo wapi ili maneno yangu uyapime vizuri. Nipo ofisi ya utawala kwenye kampuni ya malori hapa Dar, mwaka wa sita sasa, barua za maombi zinapita mikononi mwangu kabla hazijaenda kwa meneja, na vijana wa fildi (mafunzo ya vitendo ya chuo) na wa kujitolea mimi ndo nawapokea siku ya kwanza nawaonyesha pa kukaa. Kabla ya hapo na mimi nilikaa nyumbani miezi kumi na moja, digrii ipo kabatini. Nitaongelea njia nne ambazo naona vijana wengi wanakwama katikati yake, ya tano ya kusoma tena nitaigusa tu. Sitakwambia ipi inazishinda zote, kwa sababu anayelala kwa wazazi Kinyerezi na aliyepanga chumba Manzese huku kijijini wadogo zake wanasubiri atume hela ya shule, hawa wawili hawawezi kupewa jibu moja.

Vipimo nilivyotumia

Njia zote nimezipima kwa mambo matano yale yale. Gharama, yani itakutoka shilingi ngapi kuingia na kuendelea kuwepo. Hela, lini utashika ya kwanza na inafika kiasi gani. Unachobaki nacho, yani baada ya miezi sita una kitu gani cha kumuonyesha mtu asiyekujua. Hatari zake. Na mwisho inamfaa nani.

Hicho cha tatu nakipa uzito kuliko vyote na sababu ni hii. Barua zinazofika mezani kwangu karibu zote zinaanza "mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa", zote zina digrii, zote zina GPA pale juu, sasa nikiwa na barua sitini na nafasi ni moja, barua itakayonifanya nisimame ni ile inayosema nilikuwa sehemu fulani, nikafanya kitu fulani, kikatokea hiki. Hata kama ni kidogo. Hata kama ni duka la mjomba.

1. Kujitolea na mafunzo ya uzoefu kazini

Gharama. Watu wanasema kujitolea ni bure na siyo kweli. Chukua daftari upige hesabu: ukiunganisha daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa 600 kila moja ni 2,400 kwa siku, mchana wali maharage kwa mama ntilie 2,500, hapo ni 4,900, zidisha siku 22 za kazi inakuja 107,800 kwa mwezi, hujaweka bando, hujaweka sabuni ya kufulia lile shati jeupe moja. Miezi sita ni karibu laki sita na nusu. Kuna mtu anazitoa hizo hela, kama siyo we ni mama au kaka, kaeni mzungumze kabla hujaanza, maana nimeona vijana wanaacha mwezi wa pili kimya kimya kwa kukosa nauli halafu wanaona aibu hata kurudi kuaga.

Hela. Ofisi nyingi hazitoi kitu, chache zinarudisha nauli. Tofauti kidogo ni ule mpango wa serikali wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu unaosimamiwa na TaESA, yani Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, ambapo unajisajili kwenye mfumo wao na wao wanakuunganisha na mwajiri kwa muda maalumu. Wengi hata hawajui upo. Jisajili hata kama una mpango mwingine.

Unachobaki nacho. Hapa nikae kidogo. Mwaka juzi tulimpokea binti mmoja wa uhasibu, tukampeleka stoo ya vipuri maana chumba cha wahasibu kilikuwa kimejaa, siku ya kwanza alinyamaza kabisa, na nilimuelewa, umesoma miaka mitatu unakuja kuhesabu filta. Wiki ya pili akaniomba atumie kompyuta moja iliyokuwa imekaa tu. Akawa anaingia na kaunta buku, shelfu kwa shelfu, filta za oili, filta za dizeli, beringi, mikanda, anaandika namba ya kipuri, idadi, na tarehe kilipotoka mara ya mwisho, ile tarehe anaitafuta kwenye vitabu vya kutolea vitu ambavyo kurasa zake zingine zilikuwa zimeshikana kwa grisi anazitenganisha na rula taratibu zisichanike. Mwezi wa tatu akampelekea mhasibu karatasi moja, upande huu vitu ambavyo havijatoka stoo zaidi ya mwaka mzima hela imelala, upande huu vitu tunavyoishiwa kila mwezi tunakimbia kununua kwa dharura kwa bei ya juu. Karatasi moja tu! Miezi sita yake ilipoisha meneja alinifuata yeye mwenyewe akaniuliza yule binti wa stoo anaenda wapi. Sasa ana mkataba.

Mwaka ule ule tulikuwa na kijana mwingine, mpole, anawahi kuliko wote, alikaa miezi kumi na nne anatoa kopi, anapeleka barua, anatumwa vocha na chai, kila mtu anampenda. Alipoondoka barua yake ilisema alikuwa na nidhamu. Basi. Inaniuma mpaka leo na najua ofisi ndo ilikosea, na mimi nikiwemo, tulitakiwa kumpa kazi ya kujifunza, ila yeye ndo aliyeondoka bila kitu cha kuonyesha.

Hatari. Ndo hiyo ya kugeuka kuwa mtu wa kutumwa, na ile ya kuambiwa "nafasi ikitokea tutakuangalia" mwaka wa pili unaingia. Omba barua siku ya kwanza, iandikwe tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, upo idara gani na nani anakusimamia. Ofisi ikikataa kuandika mistari minne ya hivyo, hapo umeshapata jibu.

Inamfaa nani. Mwenye pa kulala na pa kula kwa miezi kama sita, na ambaye fani yake inataka kuonekana ofisini: uhasibu, rasilimali watu, ugavi, maabara, habari, maendeleo ya jamii.

2. Kukomaa na Ajira Portal

Gharama. Kujisajili ni bure na kuomba ni bure, mtu yeyote anayekuomba hela ili "akuingizie jina" ni mwizi. Gharama zinaanzia kwenye maandalizi: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa, kugongesha mihuri ya wakili kwenye kopi za vyeti, bando la kupakia. Halafu ukiitwa kwenye usaili unajigharamia mwenyewe nauli, chakula na malazi, tangazo linasema hivyo wazi wazi. Ukiitiwa Dodoma na we upo Dar, nauli ya treni ya SGR daraja la kawaida ilipoanza 2024 ilikuwa 31,000 kwenda tu, weka kurudi, weka gesti usiku mmoja au miwili, na ukipita mchujo wa kuandika kuna mahojiano ya ana kwa ana, kwa hiyo unaweza kukaa au kurudi tena. Anayeomba serikalini aanze kuweka hela ya safari siku anayobonyeza kutuma maombi.

Hela. Kuanzia tangazo mpaka kupangiwa kituo inaweza kuchukua miezi mingi, na muda wote huo haiingii senti. Ila ukishaingia, mshahara unakuja kila mwezi, mwajiri anakuchangia pensheni PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma) asilimia 15 wakati we unakatwa 5, bima ya afya ipo. Mkopo wa HESLB, yani bodi ya mikopo ya chuo, utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hilo lijue mapema usije ukashtuka na salari slipu ya kwanza ukadhani umeibiwa (na mkato huo hata kampuni binafsi unakufuata).

Unachobaki nacho. Wakati wa kusubiri, kusema ukweli hupati kitu usipokitafuta kwingine. Kuomba peke yake hakukuongezei ujuzi. Lakini kuna faida moja watu hawaioni, ukishakaa kusomea usaili wa mchujo unarudia fani yako yote, sheria za utumishi, mambo uliyoyapita juu juu mwaka wa kwanza, na wanaofaulu usaili ila nafasi zikawa zimejaa majina yao yanabaki kwenye kanzidata, nafasi zikipatikana wanaweza kupangiwa.

Hatari. Kubwa ni kukaa unasubiri na kuona kusubiri kwenyewe ndo kazi. Mwaka unapita, miaka miwili inapita, na ukija kuulizwa "ulikuwa unafanya nini tangu umalize" huna la kusema. Halafu kuna haya madogo yanayoangusha watu wengi sana, naomba uyasome mara mbili. Jina kwenye NIDA, kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye vyeti vya shule yasipofanana utakwama mlangoni, kama yanatofautiana nenda kwa wakili ukaandaliwe hati ya kubadili jina isajiliwe, usingoje uitwe kwanza. Matokeo ya muda hayapokelewi, wanataka cheti chenyewe. Kama ulisoma nje ya nchi, vyeti vyako lazima vipite kwenye mamlaka ya hapa, chuo kikuu ni TCU (tume ya vyuo vikuu), sekondari ni NECTA (baraza la mitihani). Barua ya maombi lazima iwe na saini yako na iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, siyo kwa taasisi unayoitaka. Na soma tangazo lenyewe neno kwa neno, kama limeandika "shahada ya ugavi" na yako imeandikwa jina lingine linalofanana, usiombe kwa kubahatisha.

Inamfaa nani. Fani ambazo mwajiri mkubwa ni serikali: ualimu, afya, mifugo, maafisa maendeleo, watendaji, ardhi. Na umri siyo wa kukukimbiza, matangazo mengi yanaruhusu mpaka miaka 45, kwa hiyo we wa miaka 24 usijione umechelewa.

3. Kushika kazi yoyote ya kuanzia

Hapa namaanisha zile kazi ambazo wengi wanaona hazilingani na digrii: mauzo ya benki ya kutembea juani kufungulisha watu akaunti, kupokea simu za wateja, uwakala wa miamala, kuuza dukani Kariakoo, mapokezi ya hoteli, kufundisha shule binafsi kwa mshahara mdogo.

Gharama. Ndogo. Nauli ya wiki mbili tatu za mwanzo na nguo. Zingine wanataka mdhamini na TIN (namba ya mlipakodi), TIN inatolewa bure TRA.

Hela. Ndo njia inayoleta hela haraka kuliko zote, mwezi wa kwanza unaweza ukashika kitu. Ila uliza mapema kama ni mshahara au ni kamisheni tupu, maana kamisheni tupu kuna mwezi utatembea Mbagala nzima urudi na elfu arobaini. Uliza na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wanachangia au hapana.

Unachobaki nacho. Nitakusimulia ya kijana mmoja. Tulitangaza nafasi ya msaidizi wa manunuzi, akaja, CV yake ina digrii na ina shimo la miaka miwili katikati. Nilikuwepo naandika kumbukumbu. Bosi akamuuliza swali la kawaida, lainingi za breki za malori ya Howo ungenunua wapi. Kijana akauliza kwanza, "orijino au za kawaida?" halafu akaanza kutaja, Shaurimoyo duka hili bei hii, ukichukua pea kumi wanashuka mpaka hapa, duka lile la pili boksi ni la orijino ila ndani siyo, ukiangalia maandishi pembeni yamefifia na rangi imezidi kung'aa, akaonyesha kwa kidole juu ya meza pale maandishi yanapokaa. Bosi akaweka kalamu chini. Kumbe ile miaka miwili alikuwa anauza vipuri dukani Shaurimoyo na hakuandika kwenye CV kwa sababu aliona aibu, mtu wa digrii kuuza duka! Kitu pekee kilichomtofautisha na wengine wote siku ile ndo alikuwa amekificha. Tulimchukua.

Kwa hiyo ukishika kazi ya hivi, andika. Umehudumia wateja wangapi kwa siku, umeuza shilingi ngapi, ulianza na wateja wangapi ukaacha na wangapi. Weka namba kwenye simu kila Jumamosi jioni, baada ya mwaka huwezi kuzikumbuka.

Hatari. Uchovu. Unatoka saa moja usiku unafika saa tatu, ule moyo wa kuomba kazi ya fani yako unakufa polepole, na hela ikishaanza kuingia unaizoea. Hatari ya pili ni kazi hewa, wale wanaokuitia semina hotelini, wanakwambia ulipie fomu au mzigo wa kuanzia au ulete watu watatu chini yako, ukiambiwa utoe hela ndo upate kazi ondoka, usikae hata kunywa soda yao.

Inamfaa nani. Mwenye watu wanaomtegemea leo hii. Mwenye kodi ya chumba. Pia mpole kupita kiasi ambaye anaogopa watu, miezi sita ya mauzo itamfungua mdomo kuliko semina yoyote.

4. Kujiajiri

Gharama. Inategemea unauza nini. Anayeuza ujuzi, kama kutengeneza mabango ya matangazo, kuandika mahesabu ya maduka, kufunga umeme, tuisheni, anaweza kuanza na laptopu au boksi la spana. Anayeuza bidhaa anahitaji mtaji na ndo hapo kilio kinapoanza, kwa sababu mtaji wa kwanza karibu mara zote ni hela ya mzazi. Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, inatolewa kwa vikundi, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Upande wa kodi usiogope kama wengi wanavyoogopa, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayavuki 4,000,000 kwa mwaka halipi kodi ya mapato, ila TIN achukue, na leseni aulizie halmashauri.

Hela. Haitabiriki. Kuna mwezi unapata kuliko aliyeajiriwa na kuna miezi miwili ya ukame. Kazi za mtandaoni kama za Upwork na Fiverr, ya kwanza ndo ngumu kuliko zote kwa sababu huna maoni ya wateja, wapo wanaokaa miezi mitatu wanaomba bila kujibiwa, na kabla hujaanza hakikisha umejua hela itakufikiaje, wengi hapa wanapitishia Payoneer halafu benki.

Unachobaki nacho. Ukifanya vizuri, unabaki na kingi kuliko njia zote hizi nne, kwa sababu kazi yenyewe inaonekana. Kijana wa umeme aliyepiga picha kila nyumba aliyofunga Kigamboni, kabla na baada, namba ya mwenye nyumba ipo, na leseni ya ufundi umeme ya EWURA ameshachukua, huyo hata akija kuomba kazi kwetu sina haja ya kumuuliza maswali mengi. Ila ukifanya bila kumbukumbu, bila risiti, bila picha, unabaki na maneno tu.

Hatari. Kuchanganya hela ya biashara na ya kula. Kukopesha marafiki. Kuanza kwa sababu fulani ameanza. Waliosoma kilimo wanaijua hii, umeona nyanya zimepanda bei unalima, unavuna kipindi ambacho kila mtu kavuna, tenga linauzwa bei ambayo hata nauli ya kulileta Ilala hairudi. Ukiwa na wenzako waliotangulia inasaidia, kwa mfano waliopita chuo cha kilimo SUA Morogoro wana SUGECO, ushirika wa wahitimu wajasiriamali, tangu 2011, na fani zingine pia tafuta watu wa aina hiyo kabla ya kuingiza hela.

Inamfaa nani. Mwenye ujuzi wa mkono au wa kompyuta ambao tayari kuna mtu aliwahi kumlipa hata elfu kumi kwa ajili yake akiwa chuo. Kama hakuna hata mmoja aliyewahi kukulipa, jaribu kwanza ukiwa na kitu kingine pembeni.

Na kusoma tena je?

Kwa kifupi, mitihani ya bodi naiweka mbele ya masters kwa mtu aliyemaliza juzi. Mhasibu ana bodi yake NBAA, mitihani mwezi wa tano na wa kumi na moja, unasoma usiku huku mchana unafanya kazi au unajitolea. Wa ugavi ana bodi yake PSPTB. Injinia ana ule mpango wa ERB, bodi ya wahandisi, wa kulelewa na wahandisi wazoefu, SEAP, na bila usajili hatatambulika kama mhandisi mtaalamu. Wa sheria hana uchaguzi, Law School ipo palepale akitaka uwakili. Masters nzuri ila nimeona CV za watu wenye masters na hawajawahi kukaa ofisini hata wiki nne nje ya fildi, na mameneja wanaziogopa, wanahisi mtu huyu atataka mshahara mkubwa na kazi bado hajaijua. Kama unataka kufundisha chuo kikuu hiyo habari nyingine, na GPA yako inaruhusu, nenda.

Sasa we upo kwenye hali gani

Unakula na kulala kwa wazazi na hawakusukumi: jitolee, lakini jiwekee mwisho, miezi sita, na kila wiki uwe na kitu kimoja ulichokifanya wewe. Ajira Portal iwe imejazwa wiki hiyo hiyo, hizi mbili hazigombani hata kidogo.

Una watu nyuma yako wanaosubiri hela: shika kazi, ila kati ya kazi mbili zinazolipa sawa chagua iliyo karibu na fani yako. Mhasibu akae kwenye kaunta ya fedha kuliko mlangoni, wa ugavi akae kwenye duka la jumla kuliko kwenye kupokea simu. Jumapili mbili kwa mwezi ziwe za kuomba kazi, usizitoe kwa mtu.

Wewe ni mwalimu: Portal ndo njia yako kubwa na siku hizi na nyie mnafanyiwa usaili, kwa hiyo usiache kushika chaki, shule binafsi au tuisheni, maana wakikuuliza namna ya kufundisha hesabu za sehemu (nusu, robo) hadi mtoto wa darasa la tano aelewe, aliyefundisha jana atajibu tofauti na aliyefundisha mara ya mwisho kwenye BTP, mazoezi ya kufundisha ya chuo.

Una ujuzi wa mikono na wateja wawili watatu: endelea nao, chukua TIN, chukua leseni ya fani yako, piga picha kazi zako, na usiache mitihani ya bodi.

Umeshakaa nyumbani mwaka na zaidi na umeanza kukata tamaa, hata kutoka nje unaona aibu kwa majirani: mdogo wangu, nimekuwa hapo. Usianze na kutuma CV hamsini. Anza na kitu cha siku tatu kwa wiki kinachokutoa nyumbani asubuhi, kumsaidia mtu mahesabu ya duka, tuisheni ya watoto wa mtaani, kuandika kumbukumbu za kikoba cha mama. Mimi nilianza na daftari la kikoba cha mama yangu, wanawake ishirini na tatu, lilikuwa na makosa ya miaka miwili nyuma, nilikaa nalo sebuleni wiki nzima mpaka hesabu zikakubaliana, na ndo kitu nilichokitaja kwenye intavyuu iliyonipa hii kazi.

Na huyu mtoto wa jirani aliyenifanya niandike, mama yake anauza genge na baba hayupo, kwa hiyo wazo la kujitolea bila nauli kwa sasa tumeliweka pembeni. Jumatatu anaanza dukani kwa mzee mmoja wa vipuri, mshahara mdogo ila upo, nimempa kaunta buku mpya aandike bei na majina ya wauzaji kila siku. Ajira Portal tulikaa nayo Jumamosi pale kwangu tukaijaza mpaka tukafika kwenye majina, NIDA wameandika jina la kati bila herufi moja, cheti cha kidato cha nne kinayo. Ijumaa mwenye duka kamruhusu achelewe, anaenda ofisi ya NIDA na vyeti vyake vyote kwenye bahasha.